Tusingoje Mkandarasi Aondoke

Mwaka 2016 tume ya kupambana na ufisadi nchini Kenya, EACC, ilichunguza jinsi zaidi ya shilingi milioni 51 zilivyotoka kwenye hazina ya Kaunti ya Kilifi kupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali. Mfumo huo uliletwa ili wizi uwe mgumu. Lakini kompyuta huona nywila na tarakimu tu. Kama kazi iliyolipiwa ipo au haipo, hilo hulijua mtu anayeishi karibu nayo.

Watu kama hao wako Rabai, ndani ya kaunti hiyo ya Kilifi, katika wadi za Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe na Rabai/Kisurutini. Wao ndio wanaojua bomba lipi limekauka na zahanati ipi haina dawa. Hata hivyo, mara nyingi huitwa kutaja mahitaji tu. Wakishataja, hutia sahihi daftari la mahudhurio na kurudi makwao. Zabuni, jina la mkandarasi na gharama ya kazi huamuliwa wao wakiwa hawapo.

Ukaguzi wa kisheria nao huja nyuma. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 kutoa ripoti, kisha bunge la kaunti miezi 3 kuijadili. Hata kila mmoja akitimiza wajibu wake, itafika Machi, na mkandarasi ameshalipwa zamani.

Ndiyo maana uwajibikaji uanze kazi ikiwa bado inaendelea. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Mwombaji halazimiki hata kueleza sababu. Kila wadi ichague akina mama, vijana na wazee watakaoomba nakala ya mkataba na orodha ya malipo, kisha waende kuipima kazi yenyewe kwa macho yao.

Ofisi ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na afisa aliyeidhinisha malipo haramu akumbushwe Kifungu cha 226 cha Katiba: hasara ni deni lake binafsi, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Deni hilo wananchi wa Rabai wana haki ya kulidai, na wanapaswa kulidai.