Mtego wa Nguruwe na Wasiokusudiwa

Mkulima wa Vitengeni, katika eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi, hupanda mahindi na mihogo katika nchi yenye mvua haba. Usiku mmoja wakitosha kundi la nguruwe mwitu kufukua jasho lake la msimu mzima. Ndiyo sababu mnyama huyu huwindwa, kwa kulinda shamba na kwa kupata kitoweo. Makala haya yanaeleza namna anavyotafutwa na kunaswa, na athari ya unasaji huo kwa wanyama wengine.

Kwanza, yafaa kutenganisha majina mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Ngiri hutembea mchana, hulala mashimoni, mara nyingi katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga, na hupiga magoti anapokula nyasi. Nguruwe mwitu ni mnyama wa usiku na wa vichaka. Ana manyoya marefu mgongoni, huishi kwa makundi, na huchimbua ardhi kwa pua akitafuta mizizi na wadudu. Huyu wa pili ndiye adui mkuu wa mihogo.

Nchini Marekani, nguruwe waliletwa na Wazungu tangu karne ya 16, wengine wakatorokea porini na kuzaana. Huko ni wavamizi wanaoharibu makazi ya viumbe asilia. Nguruwe wa Vitengeni, kinyume chake, ni mwenyeji. Ameishi Afrika pamoja na chui anayemwinda, na pale chui wanapopungua, yeye huelekea kuongezeka. Hivyo basi, madhara makubwa kwa wanyama asilia hapa hayatokani na nguruwe, bali na namna anavyonaswa.

Msasi hutambua njia ya nguruwe kwa udongo uliochimbuliwa upya, nyayo za kwato, na matope yaliyokauka kwenye mashina ambapo mnyama amejisugua baada ya kugaagaa. Wagiriama wa kale walisifika kwa upinde na mshale wa sumu. Silaha hiyo ilihitaji msasi amwone mnyama kabla ya kumpiga. Kitanzi cha waya hakina macho. Hufungwa kwenye mti na kutegwa njiani, kisha mtegaji huenda zake. Chochote kipitacho hunaswa na, kikikosa kutolewa mapema, hufa na kuoza bure. Wahenga walinena: mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Wasiokuwamo hao ni wa thamani kubwa. Mashariki ya Vitengeni upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420. Humo huishi paa nunga, ambaye ulimwenguni hupatikana Zanzibar na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Humo pia yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, asiyepatikana kokote ila pwani ya Kenya. Wote wawili hupita chini kwa chini, palepale kitanzi kinapotegwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata uwindaji wa kitoweo. Hata hivyo, katazo pekee halimlishi mtu ambaye mihogo yake imeliwa. Zipo njia nyingine: kukesha kwa zamu kwenye dungu, kuzungushia shamba ua wa miiba, na kuwaarifu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Isitoshe, mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, umewawezesha wakulima wa kando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo.

Kwa ufupi, mkulima ana haki ya kulinda chakula chake. Lakini kitanzi cha waya kinachomshika nguruwe huweza kumshika pia paa nunga, na paa nunga akiisha Vitengeni, ni pachache mno pa kumrudisha kutoka.