Si kila kilichobaki jichoni ni kosa la daktari

Huko Malaba na Busia, wafanyabiashara wamezoea kusimuliana kwamba fulani alipasuliwa mtoto wa jicho, daktari akamwachia kitu ndani. Kwa maneno hayo wazee wengi hukataa upasuaji, wakabaki gizani bure. Yafaa tuelezane.

Kwanza, kuna kitu kinachoachwa kwa makusudi. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyoingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka ya plastiki, ambayo kwa kawaida hudumu maisha yote. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Mwingereza Harold Ridley, mjini London, mwaka 1949. Katika Vita Kuu ya Pili aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki vya vioo vya ndege, na macho yao hayakuvikataa.

Pili, vipo visivyotakiwa. Kipande cha lenzi ya zamani chaweza kusalia, kikaleta uvimbe na kupandisha shinikizo la jicho. Uzi wa mshono, pale ulipotumika, waweza kulegea. Miezi au miaka baadaye, utando ulio nyuma ya lenzi mpya waweza kuingia ukungu. Huo hakuuacha mtu, na hutobolewa kwa leza kwa dakika chache.

Shangazi yangu, muuza maharage wa Mbale, alipasuliwa Jinja. Miezi miwili baadaye akahisi mchanga jichoni. Sokoni wakamwambia ameachiwa chuma, na mmoja akamletea dawa ya majani. Nikapanda naye matatu kupitia Tirinyi hadi Jinja. Ulikuwa uzi uliolegea. Daktari alitia matone ya ganzi, akautoa kwa kibano, tukarudi siku ileile.

Sisi tuliokulia ukimbizini, nami nilisomea Kenya, tumezoea kutibiwa upande mmoja wa mpaka na kulala upande wa pili. Hapo ndipo jicho hupotea, kwa kukosa kurudi kuangaliwa.

Basi tunza karatasi ya hospitali kama unavyotunza kitambulisho, na uvuke nayo. Ukiona maumivu makali, wekundu unaozidi, au mwanga unaopungua, hasa siku za mwanzo, usingoje siku ya soko ipite. Jinja na Mbale kote kuna hospitali ya rufaa ya serikali. Nenda iliyo karibu siku hiyohiyo, na usitie jichoni chochote ambacho daktari hakukupa.