Mafuta ya Taa na Rangi ya Gari

Kila mwenye gari anayeazimia kulibadilisha sura kwa mkono wake mwenyewe, akataka paa jeusi juu ya bodi nyeupe, au rimu za rangi ya shaba, au mstari mwekundu ubavuni, huniletea swali lile lile, nalo huliuliza kwa yakini ya mtu aliyekwisha kujua nusu ya jawabu: je, mafuta ya taa yapakwe kabla ya kupuliza rangi ili ishike, au baada yake ili ing'ae? Jawabu langu, ambalo ningependa lisomwe hapa mara moja na lisiulizwe tena mlangoni pa gereji, ni kuwa yasipakwe kabla wala baada. Na kwa kuwa najua kwamba katazo lisilo na hoja halimkinaishi mtu aliyeiona kwa macho yake boneti iliyopauka ikimetameta kwa kupitishwa kitambaa chenye mafuta, sina budi kueleza kinaganaga kile alichokiona na kile asichokiona.

Rangi yote iliyolala juu ya bati la gari la kisasa, yaani praima, na rangi yenyewe, na klia iliyo juu kabisa, aghalabu ina unene wa mikroni 100 hadi 150, ambazo ni milimita 0.1 hadi 0.15 tu, na katika unene huo klia, ambayo ndiyo inayopokea jua la Ikweta na chumvi ya bahari mwaka mzima, haipati zaidi ya mikroni 40 au 50. Miale ile ya jua isiyoonekana kwa macho hukata vifungo vya utomvu uliomo ndani ya klia, ukawa uso uliokuwa laini umejaa vishimo vidogo mno, na mwanga unaouangukia, badala ya kurudi kwa mwelekeo mmoja, ukatawanyika kila upande. Hapo ndipo jicho linapohukumu kuwa rangi imekufa. Mafuta yoyote, yawe ya taa, ya dizeli au ya nazi, yakiingia katika vishimo hivyo huvijaza, na maadamu mwanga hupinda ndani ya mafuta karibu sawasawa na unavyopinda ndani ya klia, uso huonekana laini tena, kama kokoto ya ufukweni inayong'aa ikiwa imelowa na kufifia ikishakauka. Hakuna kilichotengenezwa. Vifungo vilivyokatika vimekatika, na klia iliyokwisha liwa na jua haikuongezeka hata chembe.

Baada ya muda mfupi sehemu nyepesi ya mafuta huwa imekwisha kuruka hewani, vishimo viko pale pale, na ile sehemu nzito iliyosalia imenasa vumbi la barabara, ambalo mwenye gari hulifuta kwa kitambaa kikavu, na kwa kulifuta huikwaruza klia ile ile aliyokusudia kuihifadhi. Kisha, anapoona mng'aro umeondoka, huirudia dawa, akidhani kwamba kosa lake lilikuwa kupaka kidogo. Fauka ya hayo, mipira ya milango na madirisha, ambayo imeundwa kustahimili mvua na jua na wala haikuundwa kustahimili mafuta ya namna hii, hufura na kulegea, na maji ya masika yakaanza kuingia ndani. Mtu aliyeanza kwa kutaka mng'aro wa bure huishia kununua mipira.

Wako wanaonijibu kwa hoja wanayoiona kuwa ni ithibati kamili, nayo ni kuwa hata polishi ya dukani inanuka mafuta ya taa. Ni kweli, polishi nyingi zina mafuta ya jamii hiyo, walakini kazi yake humo ni kubeba na kulainisha unga mkali unaosugua, na unga huo ndio unaosawazisha uso kwa kuondoa sehemu ndogo ya klia iliyoharibika, ili mwanga urudi kama ulivyokuwa ukirudi zamani. Ukiutoa unga ukabakiza mafuta, umetoa dawa ukabakiza chombo chake. Hata unga huo nao una mpaka: pale ambapo klia imekwisha kubanduka kwa magamba meupe, kama inavyotokea aghalabu kwenye paa na boneti, hakuna polishi duniani itakayoirudisha, na anayekuuzia tumaini hilo anakudhulumu.

Ama itikadi ya pili, ya kupaka mafuta ya taa kabla ya kupuliza ili rangi ishike, hiyo ndiyo inayonighadhibisha zaidi, kwa sababu ni kinyume kabisa cha jambo linalotakiwa. Rangi hushika kwa mambo mawili: uso usio na mafuta, na mikwaruzo midogo ya msasa ambayo rangi huingia na kujifunga humo. Mafuta ya taa huacha utando mwembamba usioonekana, na rangi inayoangukia juu yake ama hujikunja na kuacha vijishimo vya duara, ama hulala vizuri kwa udanganyifu, mpaka siku gari linapooshwa kwa maji ya nguvu ikabanduka vipande vipande. Kisha lawama humwangukia muuza rangi. Na wale wanaoyatia ndani ya rangi badala ya tina, kwa kuwa tina ni ghali, nao wajue kuwa rangi ya mafuta iliyochanganywa hivyo hukawia kukauka, ikajifunga ngozi juu ilhali chini ingali laini, na kuwa rangi ya selulosi, ile jamii iliyoenea katika magari tangu kampuni ya Du Pont ilipotoa Duco mwaka 1923, haiyeyuki katika mafuta ya taa kamwe, bali huganda mabonge. Insafu yanidai niseme kuwa mafuta ya taa yana kazi moja halali katika kazi hii, nayo ni kuondoa matone ya lami ubavuni. Lakini baada yake ni lazima paoshwe kwa maji na sabuni mpaka harufu iishe.

Basi, anayetaka kujipigia rangi na afanye hivi. Kwanza, sugua polishi kidogo kwa kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya gari, rangi yako haina klia na huenda polishi peke yake ikatosha, kisipotoka, una klia. Osha, futa kwa kisafisha mafuta cha wapiga rangi, piga msasa wa maji namba 600 au 800 mpaka mng'aro wote uondoke, futa tena. Palipotokeza bati, weka praima kwanza, na bampa ya plastiki ipate praima yake maalumu. Namba ya rangi isome kwenye kibati cha gari, usiikisie kwa macho: kwa Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe ya kawaida, ilhali 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo hupigwa kwa tabaka zaidi na haimfai anayeanza. Ziba vioo, taa na mipira. Puliza tabaka nyembamba kadhaa, ukingoja dakika 10 hadi 15 kati yake, kivulini, bati likiwa baridi. Usipulize hewa ikiwa na unyevu mwingi, maana ukungu mweupe utaingia ndani ya rangi. Rangi ya kopo la kawaida isiyo na hadina, yaani dawa ya kuikaza, huyeyushwa na petroli, basi usiitumie karibu na mdomo wa tangi. Rangi na klia zenye hadina ni imara zaidi, lakini zina aisosayaneti, ambayo huweza kumtia mtu pumu ya aushi yake, na barakoa ya vumbi haiizuii. Kama huna kifaa cha kuvutia hewa safi, mwachie fundi mwenye nacho. Kalipa za breki, ukizipiga rangi, zahitaji rangi ya kustahimili moto. Asiye na hakika na matamanio yake na apulize rangi ya mpira inayobanduka, kwa tabaka nene, au abandike stika.

Na ikiwa rangi mpya imefunika gari lote, rangi ya zamani ingali imeandikwa katika kadi ya gari: Tanzania waarifu mamlaka ya mapato (TRA), Kenya waarifu mamlaka ya usafiri (NTSA), kabla askari wa barabarani hajakuuliza.