Ngitili na Wajibu wa Kutunza Ardhi Unyamwezi

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wanyamwezi na Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili majani yakue bila kuguswa. Hufunguliwa kiangazi kikikolea, kuanzia Julai au Agosti, mbuga zinapokuwa zimekauka na ng'ombe wanakonda. Katika Bukene na vijiji vingine vya Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, wajibu wa kutunza mazingira huonekana wazi zaidi katika desturi hii kuliko katika hotuba yoyote.

Mara nyingi ngitili haina uzio. Mpaka wake ni kichuguu, mti mkubwa au njia ya miguu ambayo kila mchungaji anaijua. Siku ya kuifungua haiingizwi kundi zima. Hufunguliwa sehemu moja kwanza, na wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na wale waliodhoofika. Wenye nguvu huendelea kutafuta malisho mbali. Zipo ngitili za kaya, karibu na boma, na zipo za kijiji kizima.

Atakayeingiza mifugo kabla ya wakati hushtakiwa mbele ya dagashida, mkutano wa hadhara wa wanakijiji unaoongozwa na wazee. Faini yake huitwa mchenya. Akikaidi hutengwa: haombwi moto, hasaidiwi kulima, akifiwa hana wa kumzika. Adhabu hiyo ni nzito kuliko ng'ombe anayetozwa, maana mtu asiyezikwa na majirani amepungukiwa hata mbele ya mizimu.

Hapo ndipo sheria inapogusana na imani. Kwa Wanyamwezi wa kale Mungu, aliyeitwa Likube au Limatunda, ni muumba wa vyote, lakini mambo ya kila siku yalikuwa mikononi mwa mizimu ya wazee waliotangulia. Hao ndio waliofyeka pori wakaanzisha makazi, na wamelala katika ardhi hiyohiyo, kwa hiyo aliye hai aliitumia akijua kwamba ana wa kumjibu. Mtemi, yaani mtawala wa jadi, alikuwa mdhamini wa uhusiano huo. Mvua ilikuwa jukumu lake, na ikikatika, lawama ilimwangukia yeye na waganga wake.

Isidhaniwe kwamba mila zote zilikuwa rafiki wa msitu. Enzi za misafara kati ya Tabora na pwani, nta na asali vilikuwa mali, na hadi leo wapo warina asali wanaotundika mizinga ya magome. Gome la myombo huchunwa likiwa zima kuzunguka shina, na mti uliochunwa hivyo hufa. Vilindo vya kuhifadhia nafaka vilitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Pori lilipokuwa kubwa na watu wachache hasara haikuonekana. Siku hizi mabani ya kukaushia tumbaku yanagombea kuni zilezile.

Pigo kubwa lilitoka nje ya mila. Chini ya ukoloni mapori yalifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikadai mashamba mapya. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na maboma yao, na ngitili zikabaki bila mwenyewe. Mkoa jirani wa Shinyanga uliumia zaidi, hata Mwalimu Nyerere alipoutembelea mwaka 1984 aliguswa na ukame wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Mwanzoni ulisisitiza vitalu na miche. Mafanikio yake makubwa yalikuja baada ya kuirudia ngitili: kutoka takriban hekta 600 mwaka huo, maeneo yaliyofungwa yalizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, mengi yakiota upya kwa visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta.

Dini zilizofika kwa njia ya misafara ziliukuta wajibu huu, zikaupa maneno mengine. Uislamu, uliojikita Tabora katika karne ya 19, humwita mwanadamu khalifa wa Mwenyezi Mungu duniani, na huhesabu sadaka mti uliopandwa ambao ndege au mtu atakula matunda yake. Ukristo huanzia bustani ya Edeni, ambayo Adamu alipewa ailime na kuitunza. Kwa Wakatoliki, waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', umeyaweka mazingira kati ya mafundisho rasmi. Hata hivyo hotuba ya Ijumaa au ya Jumapili haimzuii ng'ombe. Muumini na jirani yake huketi pamoja katika dagashida, na huko ndiko fundisho linapopata meno.

Leo ngitili inaweza kulindwa pia kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kikipima eneo na kupitisha sheria ndogo. Kwa ngitili za kaya hali ni ngumu zaidi: baba akifa watoto hugawana, na kipande kilichokuwa kikilisha kundi zima hugeuka mashamba madogo ya mahindi na pamba.