MSWADA WA RIWAYA YA MAPENZI NA WASOMAJI WAKE WA KWANZA: MFANO WA MERU NA EMBU

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwandishi chipukizi wa Meru au Embu anavyoweza kutafuta maoni kuhusu riwaya ya mapenzi ya vijana kabla haijafika kwa mchapishaji. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya, vijana wengi wa bara wamekisoma na kukiandika. Hata hivyo, wengi wao husikia maneno ya mapenzi kwanza katika lugha za nyumbani, na ya Kiswahili huyakuta vitabuni, hasa katika kazi za Pwani na Visiwani kama vile Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972). Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kasoro kubwa ya mswada wa aina hii yaweza isiwe ya kisarufi, na kwa hiyo msahihishaji wa sarufi peke yake hataiona.

2. Mfano wa kitenzi -enda

Katika Kimeru na Kiembu, kitenzi -enda kina maana ya kutaka na vilevile ya kupenda. Nomino wendo, yaani upendo, inahusiana nacho. Umbo -endete ndilo hudokeza hali iliyokwisha kukaa moyoni. Kiswahili kimezigawa maana hizo kati ya -taka na -penda, na -enda ya Kiswahili ni ya mwendo tu.

Tuchukulie mswada unaosimulia habari za kijana wa Runyenjes na msichana wa Chogoria, ng'ambo ya Mto Thuci. Baada ya kusitasita kwa miaka miwili, msichana anatamka mojawapo ya sentensi hizi:

(1) Ninakutaka.
(2) Nimekupenda.
(3) Ninakupenda.

Zote tatu ni sahihi kisarufi. Mwandishi akiongozwa na -enda ya kwao, huweza kuandika (1) huku akikusudia (3). Lakini kwa sikio la Mombasa au Unguja, (1) huelekea tamaa ya mwili, na msichana mwenye haya hugeuka kuwa mtu mwingine kwa neno moja. Sentensi (2), iliyo karibu na -endete kwa umbo, huelekea kuarifu kwamba moyo ndio kwanza umevutwa. Haiwezi kubeba miaka miwili.

3. Aina tatu za wasomaji

Msomaji wa kwanza ni yule anayeshiriki lugha ya mama na mwandishi. Huyu anajua kilichokusudiwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo huweza kuipita (1) bila kushtuka. Wa pili ni mjuzi wa Kiswahili asiyejua Kimeru wala Kiembu; huyu husoma kilichoandikwa tu. Wa tatu ni kijana mwenyewe. Mwalimu huenda akafuta Sheng yote katika mazungumzo. Kijana ndiye atakayeonyesha mahali ambapo wapenzi wameanza kusema kama wanaojibu mtihani.

4. Maswali ya kuulizwa

Swali "Je, ni nzuri?" halifai, kwani adabu humlazimisha jirani kusifu. Yafaa zaidi kuuliza: Ulisita wapi? Baada ya sentensi hii, unamwona msichana kuwa mtu wa namna gani? Ni neno gani ambalo wewe usingelitamka? Sura isomwe kwa sauti, na mwandishi anyamaze. Kitabu kikishachapishwa, mwandishi hatafuatana nacho kueleza alichokusudia. Wasomaji wawili wakisita mahali pamoja, pana kasoro, hata kama kila mmoja amependekeza dawa yake. Dawa ni kazi ya mwandishi.

5. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Chuka, kilichopata hati mwaka 2013, na kile cha Embu, mwaka 2016, huwakutanisha wanafunzi wa lugha mbalimbali. Wahadhiri wa maeneo hayo wanaweza kuwakusanya wasomaji wa aina zote tatu katika chumba kimoja. Wasipofanya hivyo, msichana wa Chogoria ataendelea kusema asilolikusudia, na msomaji wa mbali atamhukumu kwalo.