Mti wa kahawa uliobaki hai, usiukate bure



Katika mashamba mengi ya zamani kati ya Beni na Kasindi, utakuta mti mmoja au miwili ya robusta imesimama peke yake katikati ya kakao. Ingine yote ilikauka wakati wa trakeomikozi. Ile ilibaki, na mwenye shamba anaiona kama kuni za kesho tu. Leo tunawaomba jambo moja: kabla ya kushika panga, muiandike kwanza.

Wazee hawajasahau ule ugonjwa. Majani yanageuka njano na kunyauka, mara nyingi upande mmoja wa mti kwanza. Ukikwangua ganda, unaona chini yake rangi ya bluu-nyeusi. Dawa ya kuponya mti haipo. Miaka ya 1970 ulianza kusikika upya upande wa Isiro, kiisha ukashuka mpaka kwetu. Mwaka wa 1993 ulionekana Uganda, na ndani ya miaka kumi hivi ukaua karibu nusu ya robusta ya nchi ile. Huku Beni, wengi waliacha kahawa na kuingia katika kakao.

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 ugonjwa huo ulipiga kahawa ya Kongo. Wakati ule, huko Yangambi, karibu na Kisangani, kituo cha INEAC kilichoanzishwa mwaka wa 1933 (leo ni INERA) kilikuwa na mashamba yenye robusta za namna nyingi, zilizokusanywa pamoja. Watafiti walichagua miti iliyovumilia, wakaizalisha. Wakulima nao waling'oa miti migonjwa na kuichoma. Ugonjwa ukatulia.

Waganda walifuata njia ileile. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, walipima miti mingi kwa kuiambukiza ugonjwa makusudi, wakabakiza ile iliyosimama. Ndiyo hizo kahawa zinazoitwa KR1 mpaka KR10. Nguvu ya kushinda ugonjwa haikutoka kwenye chupa ya dawa. Ilikuwa tayari ndani ya miti fulani, na ilipatikana ju ya kuwa kuna watu walikuwa hawajaitupa.

Sasa tuseme juu ya jua na mvua. Robusta inachanua siku chache baada ya mvua inayofuata kiangazi. Mvua ikija kidogo kidogo na kukatika, maua yanakuja kwa mafungu, kahawa inaiva kwa mafungu, na mvunaji anarudi shambani mara nyingi kwa kilo zilezile. Joto nalo linakula mavuno. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2020, kutoka mashamba ya Vietnam na Indonesia, ulionyesha kwamba kila digrii moja juu ya joto ambalo robusta inapenda inapunguza mavuno karibu 14 kwa mia. Kesho tutatafuta miti inayovumilia kiangazi kama jana tulivyotafuta inayovumilia trakeomikozi. Tutaitoa wapi, kama tumebakiza aina moja tu?

Wengine watasema: si kuna ghala kubwa la mbegu za dunia? Ni kweli. Kule Svalbard, nchi ya Norwe, tangu mwaka wa 2008 kuna ghala ndani ya mlima. Mahindi, mpunga na maharagi vinalala humo miaka mingi. Lakini mbegu ya kahawa haiwezi kulala hivyo: ukiikausha sana na kuigandisha, inakufa. Mkusanyo wa kahawa ni shamba lenye miti hai. Linataka kupaliliwa, na kulindwa na moto. Na sisi wa Beni tunajua vizuri shamba linavyopotea pale watu wanapokimbia na njia kufungwa. Kwa hiyo mti wa maana usikae mahali pamoja tu.

Basi, koperative inaweza kufanya nini?

Kwanza, kila kikundi kiandike miti ya robusta iliyobaki pale ingine ilipokufa: iko kwa nani, ina miaka mingapi, inazaa namna gani, na ilikuwaje kiangazi kilichopita. Fungieni kila mti alama.

Pili, msikimbilie kupanda mbegu zake. Robusta haijizalishi yenyewe. Inapokea unga wa maua kutoka mti mwingine, kwa hiyo mtoto hafanani kabisa na mama. Ukitaka mti uleule, tumia vipandikizi vya machipukizi yaliyosimama wima. Na kwa sababu hiyohiyo, changanya aina kadhaa shambani. Aina moja peke yake itachanua bila kuzaa vizuri.

Tatu, mti kubaki hai si hakikisho. Labda ugonjwa haukuufikia tu. Vipandikizi vyake vikae pepinieri ya peke yake, panga lisafishwe kwa moto, na agronomu wenu azungumze na INERA au kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, ju ya kuupima.

Nne, mti wenye dalili ung'olewe na kuchomwa palepale. Usibebe kuni zake kupeleka nyumbani. Ugonjwa unasafiri nazo.

Kakao yenu iendelee, hakuna anayewaambia muiache. Lakini mti mmoja wa robusta kando ya shamba hauchukui nafasi kubwa. Ukiukata, na kama ndio uliokuwa na nguvu tunayoitafuta, hakuna duka la Butembo wala la Kampala litakalotuuzia mwingine. Katika mkutano ujao wa koperative, kila mmoja aje na hesabu ya miti yake.