Diski Pacha Katika Kompyuta za Ofisi: Kinga na Mpaka Wake

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa diski ngumu ya kompyuta ni chombo kinachochakaa. Ndani ya nyingi ya diski hizo mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na siku moja husimama, pengine bila ya kutoa ishara yoyote. Kumbukumbu zilizomo, ziwe za vizazi na vifo, za malipo ya wastaafu au za ardhi, ni amana ya watu, na mwenye kupewa amana huulizwa.

Kwa ajili hiyo kompyuta kuu za ofisi, yaani seva, hufungwa diski mbili zilizo pacha. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Mpango huu ndio uliopewa daraja la kwanza katika andiko la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Gharama yake ni kuwa diski mbili za terabaiti moja moja hutoa nafasi ya terabaiti moja tu. Faida yake ni kuwa diski moja ikifa, kazi haisimami. Ofisi iliyo mbali na fundi, iwe ya shehia huko Micheweni au ya kata ya Sapiwi wilayani Bariadi, huendelea kuhudumia watu mpaka fundi afike, aitoe iliyokufa na kutia mpya, nayo ijazwe upya kutoka kwa pacha wake kwa muda wa saa kadhaa.

Na hapo ndipo penye hatari, kwani kazi isiposimama hakuna anayeshtuka. Taa ndogo ya onyo yaweza kuwaka miezi mizima, na chumba cha seva kimefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Diski iliyobaki, iliyonunuliwa siku moja na mwenzake na kutumika sawa naye, huenda nayo haiko mbali na kufa. Inafaa apangiwe mtumishi mmoja, kwa jina, aitazame taa hiyo kila wiki.

Lipo pia jambo linaloeleweka vibaya zaidi: diski pacha si nakala ya akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kotekote kwa wakati mmoja. Programu haribifu kama WannaCry, iliyofunga mafaili katika nchi nyingi mwezi Mei 2017, hufunga ya diski zote mbili. Umeme nao haubagui. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na msukumo wa ghafla wa umeme unaporudi waweza kuunguza vyote vilivyomo katika sanduku moja. Majengo pia si ya kudumu: sehemu ya Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki.

Hivyo, kila Alkhamisi kabla ya kufunga ofisi, kumbukumbu zinakiliwe katika diski ya kubebeka, ichomolewe, na ihifadhiwe katika jengo jingine. Nakala za Pemba ziwekwe Unguja, na za Unguja Pemba, angalau mara moja kwa mwezi. Kila baada ya miezi mitatu mkuu wa masjala achague mafaili machache kutoka katika nakala hiyo, ayafungue katika kompyuta nyingine, na aandike tarehe na saini yake katika daftari.